Kibaba cha Posho na Nguvu za Miguu: Ulaji wa Mimea na Uwezo wa Wanamichezo wa Pwani ya Mtwara

Sehemu kubwa ya yatakayosemwa hapa iko mikononi mwa wapishi wa shule kuliko ilivyo mikononi mwa makocha.

Mhadhara huu umekusudia kujibu swali moja: je, kijana ambaye chakula chake cha kila siku ni ugali, mbaazi, kunde, kisamvu na karanga, na ambaye nyama haioni ila sikukuu, anaweza kukimbia, kucheza mpira na kupiga makasia sawasawa na mwenzake anayekula nyama kila siku? Jibu litakalotetewa ni kwamba anaweza, ila kwa masharti, na kwamba masharti hayo ndiyo yanayostahili kushughulikiwa na walimu na wazazi, badala ya kumsikitikia kijana huyo kwa kukosa nyama.

Kabla ya hoja zenyewe, istilahi ziwekwe sawa. Lugha ya Kiswahili haina neno moja lililozoeleka la kumtaja mtu asiyekula nyama, na ukimwita "mla mboga" utachanganya watu, kwa sababu mama anapoulizwa mboga leo ni nini anaweza kujibu kuwa ni samaki, wala hakuna atakayemshangaa. Mboga, kwa maana hiyo, ni kile kinachousindikiza ugali, kiwe jani au mnyama. Kwa hiyo humu litatumika neno "ulaji wa mimea", likiwa na maana ya chakula ambacho karibu chote hutoka shambani, na "ulaji wa mimea tupu" pale ambapo hata samaki, maziwa na mayai havimo. Tofauti hiyo si ya maneno tu, kwani masharti ya ulaji wa aina moja si masharti ya mwingine.

Hoja ya kwanza: nyama si kuni za misuli

Imani kwamba nyama ndiyo nguvu ni ya zamani, na katika karne ya 19 ilipata kibali cha sayansi pale mkemia wa Kijerumani Justus von Liebig alipofundisha kwamba msuli unapofanya kazi huunguza protini yake wenyewe, na kwamba mfanya kazi nzito hana budi kuirudisha kwa kula nyama nyingi. Mwaka 1865 walimu wawili wa Zurich, Adolf Fick na Johannes Wislicenus, waliamua kulipima fundisho hilo kwa miguu yao. Waliacha vyakula vyenye protini, wakala vitumbua vya wanga vilivyokaangwa kwa mafuta, kisha wakaupanda mlima Faulhorn wa Uswisi, mwinuko wa meta zipatazo 1,950, huku wakikusanya mkojo wao kabla ya kupanda, njiani na baada ya kufika. Nitrojeni iliyomo katika mkojo hueleza ni protini kiasi gani iliyounguzwa mwilini, na hesabu yao ilionyesha kwamba protini iliyotumika siku ile isingeweza hata kidogo kutoa nguvu zote zilizowafikisha kileleni. Kuni za msuli, basi, zilikuwa kitu kingine.

Kitu hicho kilieleweka vizuri zaidi karne moja baadaye. Wanga tunaoula kwenye ugali, wali au muhogo huvunjwa kuwa sukari, na sukari hiyo huwekwa akiba ndani ya misuli na ini katika umbo liitwalo glaikojeni. Misuli ya mtu mzima huweza kuhifadhi takriban gramu 400 hadi 500 za akiba hiyo. Mwaka 1967 watafiti wa Uswidi, wakiongozwa na Jonas Bergström, waliwapandisha watu kwenye baiskeli ya maabara na kuwataka wakanyage hadi washindwe. Waliokuwa wamekula chakula mchanganyiko walidumu kwa wastani wa dakika 114. Watu walewale, walipolishwa protini na mafuta kwa wingi na kunyimwa wanga, walishindwa baada ya dakika 57. Walipolishwa wanga kwa wingi walifika dakika 167. Makocha waliomo ukumbini wanaombwa kuzitafakari namba hizo taratibu, kwa maana mchezaji wa kandanda hukimbia kilometa zipatazo 10 katika mechi moja, na yule anayeishiwa pumzi dakika ya 70 mara nyingi hakukosa nyama juzi yake, bali alikosa sahani ya pili ya ugali.

Hoja ya pili: ukanda huu umekwenda mbali kwa nafaka

Ushahidi wa pili hauhitaji maabara. Mikindani, mahali alipoanzia David Livingstone safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866, ilikuwa mojawapo ya bandari zilizopokea misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Wapagazi wa misafara ya Afrika Mashariki walibeba mizigo ya frasila mbili, yaani kilo zipatazo 32, kichwani au begani, siku baada ya siku kwa miezi, na ujira wao wa tumbo ulikuwa posho: kwa kawaida kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, karibu robo tatu ya kilo ya mtama, mahindi au mpunga. Kibaba hicho hutoa nishati ipatayo kilokalori 2,400, ambayo ni pungufu kwa mtu anayetembea na mzigo wa namna hiyo, na ndiyo sababu mpagazi alitafuta nyongeza ya kunde, viazi na matunda kila alipopiga kambi. Historia hii haisimuliwi ili kuusifia mfumo uliowatesa wengi. Inasimuliwa kwa sababu inaonyesha kwamba kazi kubwa ya miguu iliyowahi kufanywa katika nchi hizi ilifanywa kwa nafaka, na kwamba upungufu wake ulikuwa wa kiasi cha chakula.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Kenya. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa Vincent Onywera na wenzake, miongoni mwao Mike Boit, ambaye mwenyewe alitwaa medali ya shaba ya meta 800 kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Wakimbiaji 10 wa kiwango cha juu walipimiwa kila walichokula kwa siku 7. Asilimia 76.5 ya nishati yao ilitoka kwenye wanga, 13.4 kwenye mafuta na 10.1 kwenye protini, na asilimia 86 ya chakula chao ilitokana na mimea. Chakula kikuu kilikuwa ugali, na sukari ya chai ilichukua sehemu kubwa ya kushangaza. Watu hao hawakuwa walaji wa mimea tupu, kwa kuwa chai yao ilikuwa ya maziwa na nyama kidogo ilikuwamo, na itakuwa udanganyifu kuwatumia kama ushahidi wa jambo hilo. Lakini sahani yao inafanana na sahani ya Nanyamba au Kitaya kuliko inavyofanana na picha ya mwanamichezo mla nyama ambayo vijana wengi wanayo vichwani.

Utafiti huohuo una jambo la pili ambalo halitajwi sana. Wakimbiaji wale walitumia kilokalori zipatazo 3,600 kwa siku na kula zipatazo 3,000. Hata mabingwa, basi, walikuwa na deni la chakula, na ulaji wa mimea unachangia deni la namna hiyo kwa urahisi, kwa kuwa makapi yake hujaza tumbo kabla nishati haijatosha. Dawa ya deni hilo ipo Mtwara, nayo ni karanga iliyosagwa ndani ya uji, tui la nazi ndani ya kunde, na korosho mfukoni wakati wa safari.

Ethiopia nayo itajwe, japo kwa ufupi: waumini wa Kanisa la Kiorthodoksi la nchi ile hufunga nyama, maziwa na mayai kwa siku zisizopungua 180 kwa mwaka, na taifa hilo halijawahi kupungukiwa na wakimbiaji. Nje ya Afrika, mwogeleaji Murray Rose wa Australia, aliyelelewa bila nyama tangu utoto, alitwaa dhahabu tatu Melbourne mwaka 1956, na Carl Lewis wa Marekani alivunja rekodi ya dunia ya meta 100 kwa sekunde 9.86 jijini Tokyo mwaka 1991, katika kipindi ambacho alikuwa akila mimea tupu. Katika jiji hilohilo, Septemba 2025, Alphonce Simbu aliipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha katika marathoni. Mhadhara huu haudai kwamba Simbu hali nyama. Anatajwa kwa sababu vijana waliomwona wanauliza alikula nini, na swali hilo ni jema, mradi lijibiwe kwa ukweli.

Hoja ya tatu: protini ihesabiwe kwa mizani

Kusema kwamba protini si kuni hakumaanishi kwamba haina kazi. Protini ndiyo tofali la msuli, na kila zoezi zito hubomoa kidogo ili mwili ujenge upya. Kwa hiyo mwanamichezo huhitaji gramu 1.2 hadi 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wake, wakati mtu asiyefanya mazoezi hutosheka na 0.8. Kijana wa kilo 60 atahitaji kati ya gramu 72 na 96 kwa siku. Je, zinapatikana bila nyama?

Ichukuliwe sahani ya siku nzima yenye gramu 600 za unga wa mahindi, gramu 150 za mbaazi kavu na gramu 50 za karanga. Unga utatoa karibu gramu 50 za protini, mbaazi karibu 32 na karanga karibu 12, jumla 94. Kijana huyo ameshiba na amejenga. Sasa ubadilishwe unga tu, uwekwe wa muhogo badala ya mahindi, na vingine vyote vibaki vilevile. Unga wa muhogo una protini isiyozidi gramu mbili katika kila gramu 100, hivyo gramu 600 zitatoa 10 au 12, na jumla itaporomoka hadi 55 hivi. Mpishi hakukosea kupika, kocha hakukosea kufundisha, na kijana ameshiba kama jana. Lakini msuli wake umelala njaa. Hapo ndipo kisamvu kinapodai heshima yake, kwa kuwa gramu 200 za majani mabichi huongeza gramu zipatazo 14, na kibakuli cha pili cha kunde, choroko au njugu mawe hulimaliza pengo lililobaki.

Desturi ya kuchanganya nafaka na jamii ya kunde ina maelezo yake. Protini hujengwa kwa viungo viitwavyo asidi amino, na tisa kati ya hizo mwili hauwezi kuzitengeneza. Nafaka zina uhaba wa asidi amino iitwayo laisini, ambayo jamii ya kunde inayo kwa wingi. Jamii ya kunde nayo ina uhaba wa methionini, ambayo nafaka na ufuta zinayo. Bibi wa Kimakonde aliyekula ugali wa mtama kwa njugu mawe, au aliyeunga mlenda kwa karanga, alikuwa akizikutanisha asidi hizo bila kuzijua kwa majina.

Hoja ya nne: muhogo uheshimiwe, au miguu italipa

Hoja hii itachukua nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu inahusu miguu yenyewe, na kwa sababu ni ya Mtwara.

Muhogo mchungu hupendwa na wakulima wa kusini kwa kuwa huvumilia ukame na nguruwe mwitu hawaukimbilii. Uchungu huo ni dalili ya linamarini, kemikali ambayo muhogo unapokatwa au kutafunwa huzaa sianidi, iliyo sumu. Mwili wa mtu mwenye lishe nzuri unaweza kuiondoa sianidi ndogo kwa kuifunga na salfa, na salfa hiyo hutoka kwenye protini, hasa kwenye methionini iliyotajwa punde. Mtu anayekula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, wiki baada ya wiki, na asiyepata kunde, samaki wala nyama, huishiwa salfa hiyo. Kinachofuata huitwa konzo, neno la Wayaka wa Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa. Ugonjwa huja ghafla: mtoto au mama kijana analala akiwa mzima, anaamka miguu imekakamaa, magoti yanagongana, visigino havigusi chini. Hauzidi kuwa mbaya baada ya hapo, lakini pia hauponi.

Ng'ambo ya Ruvuma, mkoani Nampula, Msumbiji, zaidi ya watu 1,000 walipatwa mwaka 1981, wakati wa ukame. Upande huu wa mto, wilayani Masasi, watu waliugua kwa sumu ya muhogo ulioandaliwa kwa haraka mwishoni mwa miaka ya 1980, na konzo ikajitokeza katika vijiji vya Mkoa wa Mtwara miaka ya mwanzo ya 2000. Chanzo kilikuwa kilekile: mvua zilikosekana, njaa ikabisha hodi, na makopa ambayo yangekaa juani wiki mbili au tatu yakatwangwa na kuanikwa kwa siku chache, kwa njia ya mkato ambayo watu huiita chinyanya.

Mtaalamu wa Australia Howard Bradbury, kwa kushirikiana na watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, alileta njia ambayo mama yeyote anaweza kuifuata. Unga mkavu wa muhogo huwekwa kwenye bakuli na kusawazishwa, kisha alama hutiwa kwa ndani pale unga ulipofikia. Maji huongezwa huku unga ukikorogwa. Mwanzoni unga hunywea na kushuka chini ya alama, halafu huumuka hadi kurudi pale pale. Unga huo wenye unyevu hutandazwa juu ya mkeka au jamvi kwa unene usiozidi sentimeta moja, ukaachwa saa mbili juani au saa tano kivulini, na sianidi huondoka hewani kama mvuke. Kisha hupikwa siku hiyohiyo. Njia hii haidai kuni wala fedha. Inadai saa mbili za jua, na Mtwara haijawahi kupungukiwa na jua. Kisamvu nacho kinataka uvumilivu wa namna hiyo: kitwangwe kinuni hadi kilainike, kichemshwe vya kutosha, ndipo nazi na karanga ziingie.

Inasikitisha kwamba mafunzo mengi ya makocha hutaja unga wa protini wa kwenye makopo, wenye bei isiyoshikika, wala hayataji jamvi hilo. Mkoa unaotaka wakimbiaji hauna budi kwanza kuwalinda watoto wake wasipoteze miguu.

Hoja ya tano: mapengo ambayo shamba haliyazibi

Uaminifu unadai kwamba kasoro za ulaji wa mimea zisemwe bila kufichwa. Ya kwanza ni vitamini B12, ambayo huhitajika kwa uundaji wa damu na afya ya mishipa ya fahamu, na ambayo haimo katika mmea wowote unaolimwa Mtwara. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, lakini akikikosa kwa miaka atadhoofika. Pwani hii imejaliwa. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, wanawake huteremka miambani wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, wakatafuta pweza na kombe. Na vyakula hivyo vina B12 tele. Kijana ambaye chakula chake ni mimea na kipande cha pweza au fungu la dagaa mara mbili au tatu kwa wiki hana wasiwasi. Anayekula mimea tupu kwa imani au kwa hiari, huyo hana budi kutumia vidonge au unga ulioongezwa vitamini hiyo, akasoma lebo kwa makini, kwa kuwa unga wa mashine ya mtaani mara nyingi hauongezwi kitu. Hapa hakuna njia ya tatu.

Pengo la pili ni madini ya chuma, ambayo damu huyatumia kubebea hewa ya oksijeni. Chuma cha kwenye mimea hufyonzwa kwa shida kuliko cha kwenye nyama, na kwa ukanda wenye malaria na minyoo ya safura, tena kwa wasichana walio katika hedhi, upungufu wa damu huwa ndio unaomkwamisha mkimbiaji ambaye kocha wake anamwita mvivu. Vitamini C hufungua mlango wa chuma hicho, na chai yenye majani mengi huufunga. Hapa msikilizaji na alifikirie bibo. Tunda hilo lina vitamini C mara kadhaa zaidi ya chungwa, nalo huanguka kwa maelfu chini ya mikorosho ya Tandahimba na Newala, korosho ikaokotwa na bibo likaachwa lioze au lipelekwe kwenye pombe ya uraka. Bibo moja bichi likifuata sahani ya mbaazi, na chai ikasogezwa mbele saa moja au mbili, chuma kilekile cha mbaazi kitafanya kazi kubwa zaidi bila shilingi kuongezwa.

Pengo la tatu ni dogo: kreatini, ambayo huwasaidia wanaohitaji mlipuko wa sekunde chache, kama wakimbiaji wa meta 100 na wanyanyua vyuma, hutoka kwenye nyama na samaki, na walaji wa mimea huwa na akiba ndogo misulini. Mkimbiaji wa mbio ndefu hana haja ya kuhangaika nayo. Kwa upande mwingine, mchicha na majani mengine ya kijani yana naitreti, ambayo watafiti wa Stockholm walionyesha mwaka 2007 kwamba hupunguza oksijeni inayohitajika kwa kazi ileile ya misuli.

Hoja ya sita: kilichomo shambani na kisichomo sahanini

Mji huu wa Mtwara ulijengwa kwa sababu ya karanga. Bandari yenye kina ambayo hadhira inaiona kutoka Shangani, pamoja na reli iliyokwenda Nachingwea na kung'olewa miaka ya 1960, vilikuwa sehemu ya mpango wa karanga ambao serikali ya Uingereza iliuanzisha Tanganyika mwaka 1947 ili ipate mafuta ya kula baada ya vita, ikauacha mwaka 1951 baada ya kupoteza pauni milioni 36 hivi. Karanga zile hazikukusudiwa kuliwa na mtoto wa Masasi. Fikra hiyo haikuondoka pamoja na Waingereza. Mbaazi za kusini zimekuwa zikilimwa kwa ajili ya India, na mwaka 2017 India ilipowekea mipaka mbaazi za kutoka nje, bei ilianguka na magunia yakabaki ndani ya nyumba za wakulima, huku watoto wa nyumba hizohizo wakila ugali wa muhogo kwa majani matupu. Hakuna anayemlaumu mkulima kwa kuuza, kwani ada, sare na bati hazilipwi kwa mbaazi. Lakini gunia moja kati ya kumi likibaki nyumbani kwa ajili ya chungu, sahani iliyohesabiwa katika hoja ya tatu itakamilika.

Kituo cha utafiti cha Naliendele, kilicho nje kidogo ya mji, kimetoa mbegu bora za karanga, zikiwamo zilizopewa majina ya Naliendele, Mangaka, Masasi na Mnanje mwaka 2009. Mbegu ipo, shamba lipo, na jua la kuanikia lipo. Sharti lake moja ni kwamba karanga zikaushwe upesi na zilizoota ukungu zitupwe, kwa kuwa sumukuvu haionekani baada ya kusagwa.

Ndugu wasikilizaji, yaliyosemwa yanaweza kupimwa hapahapa, na yanafaa kupimwa kabla hayajaaminiwa. Inapendekezwa kwamba shule chache za sekondari, baadhi za pwani kuanzia Mikindani hadi Msimbati na baadhi za uwanda wa juu wa Newala, zikubaliane kuanza mwanzoni mwa muhula ambao mabibo yatakuwa yameiva. Kila mwanamichezo apimwe damu kwenye kituo cha afya kilicho karibu, apimwe uzito, na akimbie meta 3,000 kwa saa ya mkononi. Kisha kwa wiki 12 uji wa asubuhi uwe na karanga, kila mlo mkuu uwe na jamii ya kunde iliyopimwa kwa mizani, unga wa muhogo upite kwenye jamvi, bibo au tunda jingine lifuate chakula, na dagaa waingie chunguni kwa wasio na kizuizi cha imani. Mwezi wa Ramadhani ukiangukia ndani ya majuma hayo, kiasi kilekile kigawanywe kati ya futari na daku badala ya kupunguzwa. Muhula ukiisha, vipimo virudiwe, na kila kilichopikwa kiwe kimeandikwa kwenye daftari siku kwa siku, hata siku ambazo mbaazi zilikosekana.

Timu ya kandanda ya Ndanda, Wana Kuchele, ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2014/2015, Uwanja wa Nangwanda Sijaona ulijaa watu waliotoka kila wilaya. Vijana watakaokwenda kwenye UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, miaka ijayo wamo madarasani sasa hivi, na wengi wao watakula leo usiku kile ambacho mama amekitoa shambani. Ukumbi huu ufunguliwe tena baada ya wiki hizo 12, madaftari yawekwe mezani, na wa kwanza kupewa nafasi ya kuzungumza awe mpishi.